Vioo Vilikuwa Vimepandishwa

Pikapu ya Dale Omdahl ilitolewa ziwani saa nne asubuhi, imetanguliza matako, ikivuja maji kila upenyo. Ndani yake hamkuwa na mtu.

Inspekta Ardis Rygg wa ofisi ya Sherifu alisimama kando ya shimo la barafuni, mikono mifukoni. Mfuko wa kushoto ulikuwa na glavu. Wa kulia ulikuwa na hati yenye saini ya gavana wa Minnesota, iliyoagiza kwamba Dale Omdahl, miaka thelathini na tisa, fundi wa injini za boti, akamatwe na kukabidhiwa kwa jimbo la Iowa. Huko alishtakiwa kwa kutolipa matunzo ya watoto wake wawili kwa miaka minne. Magavana wawili walikuwa wamekubaliana juu ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa na siku mbili chini ya barafu.

Hati ilifika Ijumaa. Ardis angeweza kumkamata siku hiyohiyo. Lakini watu wa Tamarack hatupendi kuaibishana, na yeye ni wa hapahapa. Badala ya kwenda na pingu gereji mbele ya wateja, alipita dukani kwa Lorna, dada yake Dale, anayeuza chambo pale mteremko wa kushushia boti. Alinunua kahawa asiyoitaka, akasema, "Mwambie Dale apite ofisini Jumatatu. Kuna karatasi kutoka Iowa." Jumamosi alasiri pikapu ikazama. Tangu hapo Ardis alikuwa halali vizuri, na sababu aliijua. Ujumbe wake ndio uliomuua mtu yule.

"Mlango wa dereva ulikuwa wazi," alisema Orrin, mwenye winchi, akifuta pua kwa mkono wa koti. "Wapiga mbizi waliukuta hivyo. Maskini alitoka, kisha akalikosa tundu."

"Maiti itaonekana lini?"

"Barafu ikiyeyuka. Au isionekane kabisa." Orrin alitema mate. "Kila mwaka klabu ya wavuvi huweka gari bovu juu ya barafu, tunabashiri siku litakayozama. Mwaka huu Dale katupunguzia kazi."

Hakuna aliyecheka. Orrin mwenyewe aliinama akajifanya anakaza mnyororo.

Ardis alizunguka pikapu taratibu. Lilikuwa gari la zamani, la kupandisha vioo kwa kuzungusha mkono. Alichungulia upande wa dereva, akaenda upande wa abiria, akarudi.

"Orrin, umegusa vioo?"

"Vioo vya kazi gani? Sijagusa."

"Vimepandishwa vyote viwili."

Orrin alinyanyua mabega. "Baridi."

"Dale? Aliyezaliwa hapa?"

Orrin alivitazama vioo. Mtoto wa Tamarack huijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma: ukiingia na gari barafuni, fungua mkanda, shusha vioo, hata kama masikio yanakatika kwa baridi. Barafu ikikudanganya, utatokea dirishani. Na hii ilikuwa mwisho wa Februari, barafu imechoka.

Kwa hiyo alitaka kufa, Ardis alijiambia. Alirudi kwenye gari lake akakaa bila kuwasha injini. Ndipo jambo la pili lilipomjia, polepole, nalo likakataa kuondoka. Anayetaka kufa hafungui mlango. Anayetaka kuishi hapandishi vioo. Pikapu ile ilikuwa ya mtu gani, basi?

*

Jioni hiyo alifanya kila afanyalo mwenyeji mtu akifiwa. Alipika nyama ya kusaga na viazi kwenye bakuli la oveni, akabandika chini yake utepe wa karatasi wenye jina RYGG ili lirudi, akampelekea Lorna. Lorna alilipokea mlangoni kwa mikono miwili. Macho yake hayakuwa mekundu, lakini Lorna hajawahi kuwa mtu wa machozi.

Jumatano Renae akaja kutoka Iowa, mwendo wa saa tano, na watoto wawili kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa mke wa Dale miaka minane. Tobin, wa miaka tisa, hakutaka kushuka garini. Kyla, wa kumi na tatu, alitembea peke yake mpaka kwenye shimo lililokuwa limeanza kuganda, akavunja utando wa barafu kwa kisigino cha buti, akadondosha karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama kidole. Alisimama mpaka ilipolowa na kuzama.

"Sikumshtaki mimi," Renae alisema, bila kuulizwa. Walikuwa wamesimama mbali kidogo, wakimtazama mtoto. "Niliomba msaada wa chakula. Fomu ikauliza baba yao yuko wapi. Nikajibu. Mengine yote wamefanya wao."

"Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Utaratibu. Alichelewa kulipa miezi mitano, wakamnyang'anya leseni ya udereva. Hana leseni, karakana kubwa ikamwachisha. Hana kazi, hana cha kulipa. Hana cha kulipa, hati ya kukamatwa. Aliyebuni hayo ana akili timamu kweli?"

Ardis aligeuza mazungumzo.

"Alikuwa akiwapigia simu watoto?"

"Mwanzoni. Baadaye aibu ikamzuia. Kyla alimchukia mpaka akawa hataki jina lake litajwe mezani." Renae alivuta skafu juu ya kidevu. "Wifi yangu Lorna kanitumia fomu jana kwa barua pepe. Watoto watalipwa na serikali kama yatima, kila mwezi, mpaka wafike miaka kumi na minane. Ameshanijazia kila kitu, mimi ni kutia saini. Fikiria. Akiwa hai hakuweza. Kafa, analipa."

"Fomu amekutumia jana?"

"Jana. Ni mtu wa kupanga mambo, Lorna."

Siku tatu tu baada ya kuzama kwa ndugu yake. Ardis alimtazama Kyla akirudi kutoka kwenye shimo, mikono mitupu.

*

Alhamisi alikwenda dukani kwa Lorna, safari hii na daftari.

Lorna alikuwa ameinamia pipa la visamaki hai, akichota kwa wavu mdogo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, hakuolewa, na ndiye aliyemlea Dale mama yao alipofariki. Kwenye kaunta yalipangwa mabakuli ya oveni yaliyooshwa, kila moja na utepe wake wa jina, yakisubiri wenyewe.

"Ujumbe wangu ulimfikishia?"

"Nilimfikishia."

"Lini?"

"Ijumaa ileile, jioni."

"Alisemaje?"

"Alisema ahsante."

"Basi?"

"Unamjua Dale. Maneno yake unaweza kuyafunga kwenye leso."

"Jumamosi alikwenda ziwani kufanya nini?"

"Kuvua."

"Vifaa vya kuvulia hatukuvikuta garini."

"Maji yamechukua."

"Vioo vilikuwa vimepandishwa, Lorna."

Wavu ulisimama ndani ya pipa. Kisamaki kimoja kiliruka kikarudi majini.

"Baridi ilikuwa kali," alisema Lorna.

"Jumamosi watu walikuwa wanavua samaki makoti wazi."

"Basi sijui. Mimi sikuwa ndani ya gari."

"Nani alikuwa ndani ya gari?"

Lorna aliinua uso. Walikuwa wamekaa dawati moja shuleni, wameimba kwaya moja miaka thelathini. Hakuna kati yao aliyepepesa macho.

"Ardis, nina wateja."

Duka lilikuwa tupu. Ardis alifunga daftari, akatupa macho kwenye kaunta mara ya pili.

"Bakuli langu silioni."

"Bado kimebaki kidogo. Nitakuletea."

Huku kwetu unaweza kukaa na deni la mtu mwaka mzima, lakini si bakuli lake. Bakuli huliwa, huoshwa, hurudi. La Ardis lilitangulia kufika kabla ya mengine yote, na ndilo pekee ambalo halikuwepo. Siri ya mtungi aijuaye kata, alijisemea, na kata hii haitasema. Alitoka nje akaegemea gari. Aliona aibu kwa jambo alilokuwa akiliombea: kwamba mtu huyu awe mwongo, mhalifu, mkimbizi, awe chochote, ili mradi apumue.

*

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kuondoa vibanda vya kuvulia barafuni. Jumanne asubuhi simu ya Ardis ililia. Alikuwa Stordahl, afisa wa uvuvi, mtu wa malalamiko.

"Inspekta, nina kibanda kimoja kimebaki. Ziwa la Loon, kule ndani msituni. Nataka nimwandikie mwenyewe faini, ila mwenyewe tulishamzika."

"Nani?"

"Alvin Omdahl. Jina limeandikwa mlangoni, rangi mbichi kabisa. Na anwani chini yake, herufi zimenyooka kama za kaburini."

Alvin Omdahl alikuwa baba yao Lorna na Dale. Alifariki miaka sita iliyopita.

"Umeingia ndani?"

"Bado. Kesho naenda na trekta."

"Niachie leo."

Ardis alikata simu. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi, alikaribia kucheka. Sheria inasema kila kibanda juu ya barafu kiwe na jina na anwani mlangoni. Lorna Omdahl alikuwa amemficha mtu anayetakiwa na magavana wawili, amedanganya polisi, amedanganya mchungaji, amejaza fomu za serikali kwa uongo. Lakini kusimamisha kibanda kisicho na jina? Mtoto wa Alvin? Hilo lilimshinda. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye kopo la rangi.

Alikwenda mchana, peke yake. Theluji ilikuwa imelainika na gari aliliacha ufukweni. Kibanda kilikuwa cha mbao, rangi ya kijani, na bomba la jiko likitoa moshi mwembamba. Aligonga.

"Dale. Ni Ardis. Vaa koti."

Kitu kiliburuzwa sakafuni. Kisha sauti ya kiume, ya kukwaruza.

"Kahawa ipo."

Alisukuma mlango. Dale Omdahl alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndevu za siku kumi, mshipi wa kuvulia ukining'inia ndani ya tundu la sakafuni. Juu ya jiko palikuwa na bakuli la oveni, limekwanguliwa likang'aa. Ardis aliligeuza kwa kidole. RYGG.

"Kilikuwa kizuri," alisema Dale. "Chumvi tu haikutosha."

Ardis aliketi kwenye kreti. Furaha ilimjaa. Mtu huyu alikuwa hai, na yeye hakuwa ameua. Nyuma ya furaha ile lilifuata lile la pili, kwamba mtu huyu alikuwa hai, na sasa ilibidi atoe taarifa.

"Una haki ya kukaa kimya," alianza.

"Nimekaa kimya siku kumi. Inatosha."

"Ulifanyaje?"

"Nilipeleka gari mpaka karibu na kijito kinapoingia, barafu ni nyembamba pale. Nikasimama, nikashuka kuipima. Nikatia gia, nikaliachia. Lorna alikuwa ananisubiri na pikipiki ya theluji."

"Mlango?"

"Niliuacha wazi kusudi. Ionekane nilijaribu kutoka."

"Na vioo?"

"Vioo vimefanyaje?"

"Vilikuwa vimepandishwa. Vyote viwili."

Dale alimkodolea macho. Aliinua mkono wa kulia, akauzungusha hewani kidogo, kama anayejaribu kukumbuka mkono ulifanya nini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, lakini bila sauti.

"Niliposhuka kupima barafu," alisema. "Theluji ya majimaji ilikuwa imeanza kuanguka. Nilivipandisha kiti kisilowe."

"Gari ulikuwa unalizamisha."

"Najua. Lakini kilikuwa kiti kizuri."

Walikunywa kahawa. Ilikuwa chungu.

"Kwa nini, Dale? Kifungo chenyewe kingekuwa cha mwaka mmoja. Miwili ikizidi."

"Jela siiogopi. Nikiwa jela wanapata nini wale watoto? Nikitoka nani ananipa kazi?" Alikuwa akiongea na tundu la sakafuni. "Unamkumbuka Gunder wa kiwanda cha mbao? Gogo lilipomuua, watoto wake walianza kulipwa kila mwezi. Binti yake amenunuliwa miwani, amekwenda kambi ya muziki. Na Gunder alikuwa mlevi. Mimi silewi. Nina miaka minne niko hai na sijawanunulia wangu hata jozi ya buti. Lorna aliponiletea ujumbe wako, nilikaa jikoni nikapima: baba mzima anawafaa nini, na baba maiti anawafaa nini. Maiti alishinda."

"Na wewe ungeishije?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapo sikufika."

"Ungeonekana siku moja. Na wao wangedaiwa warudishe kila senti."

"Nisingeonekana."

"Umeonekana kwa jina la baba yako mlangoni."

"Nilimwambia Lorna asiandike jina. Akasema kuna faini." Dale alifuta macho kwa kiganja. "Ardis, unaweza kusema hukuniona."

Aliliwaza. Nitakuwa mwongo nikisema hakuliwaza. Aliwaona watoto wawili na buti zao, na fomu aliyoijaza Lorna. Akamwona pia mtu huyu miaka ishirini ijayo, mzee asiye na jina, akivua samaki kupitia sakafu.

"Kesho Stordahl anakuja na trekta," alisema hatimaye. "Vaa koti."

Alimfunga pingu mbele, si nyuma, ili aweze kujishika akiteleza. Bakuli alilitia kwenye mfuko wa vielelezo. Likawa kielelezo namba tatu.

*

Mbele ya hakimu Dale hakupinga kurejeshwa Iowa. Wakili wa serikali alimwambia kwamba angekuwa analipa hata kidogo, gavana wa Minnesota angeweza kukataa ombi la Iowa. Dale alijibu kwamba angekuwa nacho hicho kidogo, wasingekuwa wanaongea. Lorna alifunguliwa mashtaka ya kumficha mtuhumiwa na ya kutoa taarifa za uongo, akaachiwa kwa dhamana. Jumapili aliketi kanisani mahali pake palepale, mstari wa pili, na Ardis aliketi mahali pake. Waliimba.

Renae alipopigiwa simu hakupiga kelele. Alimwomba Ardis arudie.

"Yu hai," alisema mwishowe.

"Yu hai."

"Kyla alitundika picha yake ukutani siku tuliporudi. Miaka minne ilikuwa chini ya sanduku." Akashusha sauti. "Hela zile hatuzipati, sivyo?"

"Hapana."

"Na yeye anakwenda jela."

"Ndiyo."

"Basi nieleze mimi nimwambie nini huyu mtoto. Wewe ndiye mpelelezi."

Makabidhiano yalifanyika Ijumaa saa tano asubuhi, kwenye kituo cha mapumziko mpakani mwa majimbo mawili. Afisa wa Iowa, kijana mwenye mafua, alisaini karatasi juu ya boneti. Theluji ya mwisho ya msimu ilikuwa ikianguka, nzito na yenye maji.

Gari la Renae lilikuwa limeegeshwa upande wa pili. Hakuna aliyewaomba waje. Mlango ulifunguka, akashuka Kyla peke yake, akavuka uwanja bila kofia.

Dale alikuwa bado kiti cha nyuma cha gari la Ardis. Alipomwona alisogea dirishani, akagusa kioo kwa mikono yake miwili iliyofungwa pamoja. Vioo vya nyuma vya gari lile havifunguki kutoka ndani. Mtoto alisimama upande huu, baba upande ule, midomo yake ikisema jambo lisilosikika.

Ardis aliingia kiti cha mbele akabonyeza kitufe. Kioo kikashuka.

"Kyla," alisema Dale. "Mwanangu."

Msichana alimtazama usoni, kwenye ndevu, kwenye pingu. Alikuwa na macho ya Lorna.

"Nilikuandikia barua," alisema. "Niliitia kwenye lile shimo."

"Nimeambiwa. Ilisemaje?"

Kyla alifikiri, kama baba yake, bila haraka.

"Haikuwa yako," alisema. "Ilikuwa ya baba aliyekufa. Nilikuwa nimemsamehe."

Aligeuka akarudi kwenye gari la mama yake, akitembea katika nyayo zake alizokuja nazo. Dale hakumwita. Alibaki uso dirishani, mdomo wazi kidogo, akimsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

Ardis alisubiri. Alisubiri kuliko ilivyohitajika, na afisa wa Iowa alikwishakohoa mara mbili. Theluji ilikuwa inaingia ndani, inayeyukia kwenye kiti na kwenye magoti ya mfungwa. Mwishowe Dale mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, bila kumtazama.

"Pandisha kioo, Ardis. Kiti kinalowa."